Feni za zaidi ya miaka mia: niliyoyaona kwenye mkutano wa wakusanyaji, St. Louis

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Mlioniuliza kuhusu ile picha niliyoiweka hapa, ya feni nyeusi yenye mapanga ya brasi, leo nimetulia, naandika. Nitakwenda kwa vipande maana niko zamu ya usiku, mtanivumilia.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani. Marehemu baba alikuwa fundi wa kusuka mota, nimekua kwenye harufu ya vanishi na vipande vya waya wa shaba chini ya meza. Huku Indiana nafanya kazi ya viyoyozi, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka jana mteja mmoja mzee, nilipomaliza kumtengenezea mashine yake, akaniita chumba cha chini ya nyumba anionyeshe kitu. Nikakuta rafu tatu zimejaa feni. Plastiki hakuna hata moja. Chuma cha kumimina, brasi, waya uliovishwa kitambaa. Akachomeka moja ya kampuni ya Emerson iliyokuwa ya babu yake, ikaanza taratibu, ikashika mwendo, na chumba kizima hakikusikia kitu zaidi ya upepo. Nilisimama pale nikimkumbuka baba hadi mzee akaniuliza kama niko salama. Yeye ndiye aliyenialika kwenye mkutano.

Kwa wasiojua: Marekani kuna chama cha wakusanyaji wa feni za kale, Antique Fan Collectors Association. Wana mkutano mkubwa wa mwaka, na makumbusho yao yalikaa miaka mingi ndani ya jengo la kampuni ya Fanimation mjini Zionsville, hapa hapa Indiana. Mbali na ule mkubwa kuna mikutano ya kanda. Mwanachama mmoja anafungua banda lake Jumamosi, wa majimbo ya jirani wanapakia feni kwenye magari wanakuja. Huu wetu ulikuwa shambani, nje kidogo ya St. Louis, Missouri. Kutoka Indianapolis ni mwendo wa kama saa nne, tuliondoka alfajiri na mzee wangu, feni tisa nyuma zimefungwa blanketi.

St. Louis ina uzito wake kwa watu hawa. Emerson ilianzishwa pale mwaka 1890 na ikaanza kuuza feni za umeme mwaka 1892. Wagner ni ya pale, Century nayo ni ya pale. Kwa hiyo nyingi ya feni zilizopangwa mezani siku ile zilikuwa zimerudi mjini kwao.

Tulifika saa tatu asubuhi, tukakuta kama watu sitini. Wengine hawakungoja hata meza. Wamefungua mlango wa nyuma wa gari, wanauza hapo hapo. Mmoja ana mapanga matupu tu, lundo zima, la saizi zote. Mwingine ana debe la skrubu za zamani zenye kichwa cha mfereji mmoja, kwa sababu skrubu mpya ya nyota kwenye feni ya 1910 kwao ni aibu. Mama mmoja, nadhani anapita miaka sabini, alikuwa anauza waya mpya uliosukwa kwa mtindo wa zamani, wa pamba, anaupima kwa mkono kama anavyopima muuza kanga. Bei zake ndizo pekee ambazo hazikujadiliwa siku ile.

Ndani ya banda ndipo uhondo ulipo. Meza ndefu nne, kila feni na soketi yake, na mwenye feni yuko karibu. Hairuhusiwi kuwasha ya mtu bila kumwomba. Na kuna sababu: wavu wa feni za zamani una nafasi ambayo mkono wa mtoto unapita wote, na panga la brasi likikupiga linakata. Watoto walikuwapo wengi, na kila mmoja alipopita mezani alikuwa ameweka mikono mgongoni. Wamefundishwa.

Nikirudi nitawaeleza mashine zenyewe.

Mchangiaji wa Kariakoo

Mkuu, nakufuatilia. Mimi pia nasuka mota. Ila swali langu la kwanza: hivyo vitu wanavitumia au wanavitazama tu? Hapa kwetu feni ya zamani ikifika mezani, mteja anauliza kitu kimoja, shaba yake ina kilo ngapi.

Mchangiaji wa Muscat

Nimeweka mkeka hapa. Endelea ndugu yangu.

Mleta uzi

Nimerudi. Kaka wa Kariakoo, wanazitumia. Mzee wangu ana moja jikoni na moja pembeni ya kitanda, na za kwenye rafu anaziwasha kwa zamu ili mafuta yasigande. Suala la shaba na kilo nalishika, nitalirudia.

Sasa mashine. Feni ya umeme ya mezani ilianza miaka ya 1880, mhandisi Mmarekani Schuyler Wheeler akiwa miongoni mwa wa kwanza kuitengeneza: mapanga mawili, bila wavu wowote, mota ya umeme wa betri. Ilikuwa ghali na kwa watu wachache. Kilichofungua mlango ni umeme unaogeuka (AC) na mota ya mvumbuzi Nikola Tesla, ambayo haki zake kampuni ya Westinghouse walizichukua mwaka 1888. Mota hiyo haina brashi (vile vipande vya kaboni vinavyosugua ndani), haina cheche, haina kitu cha kulika isipokuwa bushi, zile pete ambamo ekseli inazunguka. Ndiyo maana feni ya 1905 inaweza kuzunguka leo: ukiipa mafuta bushi zake na waya mpya, hakuna kingine ndani kinachosuguana.

Kulikuwa na General Electric za mwanzo za mwaka 1900 na kitu, kichwa cha mota ni kipana na bapa, wenyewe wanaziita kwa jina la chapati zao nene, pancake. Jirani yake Westinghouse yenye mota kama tangi dogo la maji. Lakini iliyonishika miguu ni ile inayogeuza shingo kwa upepo wake yenyewe. Fikirieni hili. Kabla ya kuweka gia za kugeuzia, mafundi waliweka kipande cha bati mbele ya mapanga. Upepo unakisukuma, kichwa kinageuka upande mmoja. Kikifika mwisho kinagonga kizuizi, bati linapinduka, upepo unalisukuma upande wa pili. Hakuna gia hata moja. Nilikaa mbele yake nadhani robo saa. Mwenyewe alikuwa kijana mwalimu wa shule, akaniachia nimalize kutazama ndipo akanisalimia.

Halafu kuna Silver Swan ya Emerson, ya 1932. Hapo watu wameacha brasi, panga ni la alumini, umbo lake kama rafadha ya meli, na kitako kimepinda kama shingo ya bata maji. Wakati wa mdororo ule wa uchumi wa miaka ya 1930 kiwanda kilitengeneza kitu kizuri kiasi hicho. Ni feni nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona na sitabishana na mtu juu ya hilo.

Ziko pia zisizotumia umeme kabisa. Lake Breeze ya Chicago ina taa ndogo chini, moto unapasha hewa, hewa inasukuma pistoni, pistoni inazungusha mapanga. Joto la moto linakuletea upepo. Za aina hiyo, Jost na Ky-Ko, ziliuzwa sana India, za mafuta ya taa, kwa nyumba ambazo nyaya zilikuwa hazijafika.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu, nakushukuru kwa uzi huu. Umetaja India nikakumbuka neno letu lenyewe. Sisi twasema pangaboi, na wengi hudhani ni kwa sababu ya yale mapanga. Neno ni la Kihindi, pankha, yaani kipepeo cha kupepea. Zamani kabla ya umeme kulikuwa na kitambaa kikubwa kinaning'inia darini, na mtu amekaa nje akivuta kamba siku nzima ili bwana ndani apate upepo. Huyo mvuta kamba ndiye Waingereza wakimwita pankha boi, hata awe mzee wa ndevu nyeupe. Mashine ilipokuja ikarithi jina la mtu.

Nalo la pili. Umeme wenyewe wa Mombasa, kwa historia wanayoieleza Kenya Power, ulianza na jenereta ya Sultani Barghash ya Unguja ya mwaka 1875, ambayo mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliinunua mwaka 1908. Kwa hiyo pwani yetu haikuchelewa mambo haya. Mapangaboi ya chuma yako mpaka leo kwenye misikiti na majumba ya Mji wa Kale, watu wanapita chini yake kila siku hawayatazami.

Mleta uzi

Ami, Mungu akulipe. Sikuwa najua habari ya mvuta kamba. Na 1908 ndio mwaka ambao Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa ya Wazungu. Mwaka mmoja, miji miwili.

Umenigusa hasa uliposema watu hawayatazami, maana ndilo lililonikuta mimi pale Missouri.

Kuna meza ya matengenezo. Yeyote mwenye feni iliyokufa anailaza pale, na wazee wawili watatu wanaifungua mbele ya watu wakieleza kila hatua. Siku ile ililetwa Emerson ya mapanga ya Parker, yale mapana yanayopandiana, imekutwa ghalani. Kijana aliyeileta alitaka kuichomeka. Mzee mmoja wa meza ile akamshika mkono. Kwanza akaunga taa ya wati mia, ile ya zamani ya waya, mfululizo na feni, yaani umeme upite kwenye taa ndipo ufike kwenye feni. Taa ikiwaka kwa nguvu zote, ndani kuna shoti na taa imekuokolea mota. Ikififia na feni ikaanza kutikisika, uko salama kuendelea. Baba alikuwa na taa hiyo hiyo, imening'inia kwenye msumari juu ya benchi. Nilimwambia mzee. Akasema, basi tumesoma shule moja.

Taa ikawaka kwa nguvu. Wakafungua. Tatizo lilikuwa pale ambapo huwa, kwenye waya mfupi unaotoka kitakoni kwenda kwenye kichwa. Feni imegeuza shingo miaka na miaka, mpira wa ndani umekauka ukawa kama majivu, waya mbili zimegusana. Koili zenyewe, ule waya wa shaba uliosukwa ndani ya mota, nzima. Wakabadilisha waya, wakaosha bushi, wakatia mafuta mepesi ya mota, SAE 20 yasiyo na kemikali za kusafishia. Hapa mzee alirudia mara tatu: msitie mafuta ya injini ya gari, kwa sababu yale yameundwa kubeba uchafu kwenda kwenye chujio, na feni haina chujio, uchafu unabaki kwenye bushi. Na yale mafuta membamba ya kupuliza kwenye kopo ni kwa kulegeza kutu tu, yanakauka, bushi inasaga kavu. Feni ikazunguka. Watu wakapiga makofi kama timu imefunga bao.

Ndipo mzee akaniuliza: kwenu mna feni gani? Nikamtolea simu, picha ya sebule ya nyumbani Tanga, sikukuu ya Idi, watu wamekaa, na juu yao pangaboi la chuma ambalo nimelala chini yake utoto wangu wote. Akaikuza picha. Akaita wenzake. Dakika mbili nina watu kumi begani. Wanauliza: kiwanda gani? Volti ngapi? Kibati cha kiwanda kinasemaje?

Sikujua. Miaka kumi na minane nimeishi chini ya feni hiyo, mtoto wa fundi, na sikuwahi kupanda kiti nikasoma kibati.

Pale ilikuwa saa tano asubuhi, Tanga saa moja usiku. Nikampigia dada yangu. Akazima swichi ukutani, akaweka meza, juu ya meza stuli, akapanda na tochi. Kibati kipo lakini kimepakwa rangi nyeupe, rangi juu ya rangi, kila tulipopaka dari tulipaka na feni. Akasema, subiri kaka, nikwangue na sarafu. Mzee hajui Kiswahili, lakini aliona sarafu kwenye skrini na akapaza sauti: asikwangue! Maandishi ya vibati vile ni membamba, ukikwangua rangi unakwangua na jina. Kitambaa cha maji ya moto, dakika kumi, kisha ukucha. Dada akashuka akachemsha maji. Watu walisubiri, wakuu. Wengine walirudi na sahani zao za chakula wakakaa nasi kungoja.

Zikatokea herufi tatu, G.E.C., na chini yake, Made in England.

Mchangiaji wa Kariakoo

Si ndiyo General Electric hiyo hiyo ya Marekani?

Mleta uzi

Wengi wanachanganya, hata pale kuna waliochanganya. GEC ya Uingereza ni kampuni nyingine kabisa, jina tu limefanana. Walikuwa na kiwanda kikubwa Witton, Birmingham. Mzee alifurahi kuliko mimi, kwa sababu kwao za Kiingereza ni adimu, na akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba habari za feni za Kimarekani wameshaziandika karibu zote, kila modeli, kila mwaka, lakini zilizopelekwa makoloni hakuna aliyekaa kuziorodhesha, na wanaoweza kufanya hivyo ni wale wanaoishi chini yake.

Kaka wa Kariakoo, sasa narudi kwenye kilo. Sikulaumu hata kidogo, baba naye aliuza shaba, tulisomeshwa kwa shaba hiyo. Ninachoomba ni kabla ya kuuza: piga picha kibati. Andika ilitoka nyumba gani, mtaa gani. Hesabu mapanga na mizunguko ya koili. Ikiwezekana usiikate. Feni ikishakatwa hakuna mzee wa Missouri wala wa Tanga atakayeweza kutuambia ilikuwa nini.

Mchangiaji wa Muscat

Swali dogo. Mimi nimeipenda hiyo ya brasi. Nikinunua huko Marekani itafanya kazi huku au nyumbani Pemba?

Mleta uzi

Inawezekana kwa uangalifu. Ya kule ni volti 110 hadi 120 na saiko 60, yaani mara umeme unavyogeuka na kurudi kwa sekunde. Kwetu ni volti 230 na saiko 50. Transfoma itashusha volti lakini haibadilishi saiko, na mota ya aina hii kwa saiko 50 inapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita na inapata joto zaidi. Tafuta transfoma ya volti 100, sio 120, hapo joto linarudi mahali pake. Zile ndogo zenye brashi, kama Polar Cub za A.C. Gilbert, hazijali saiko, zinakwenda popote mradi volti ziwe sawa. Na soma kibati kabla ya kulipa: ziko za saiko 25 kwa sababu umeme wa Niagara ulianza hivyo, ziko na za saiko 133 za mwanzo kabisa. Tarehe zilizogongwa kwenye kibati zisikudanganye pia, ni za hataza (patent), feni yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa miaka mingi baadaye.

Kabla hujaiacha inazunguka usiku, badilisha waya wote. Na rangi ya zamani usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Mchangiaji wa Mombasa

Nimepita msikitini baada ya Alasiri, nimemwomba muadhini ruhusa, tumepanda na ngazi. Mapangaboi sita. Matano ni Usha, ya India. La sita limepakwa rangi, nimefanya kama dada yako, kitambaa cha maji ya moto. Nimesoma Crompton. Muadhini anasema yeye alilikuta na aliyemtangulia alilikuta. Nimeandika kwenye daftari.

Mleta uzi

Ami, hapa nilipo nimesimama. Hifadhi hilo daftari. Piga picha na sehemu linaposhikiliwa darini, ile ndoano na kikombe chake, maana huko pia huwa na alama.

Mchangiaji wa Kariakoo

Wakuu, sikutaka kusema mapema. Nina moja kwenye gunia, tangu mwezi uliopita. Ilitoka nyumba ya Upanga inayovunjwa, niliipata kwa bei ya chuma. Kibati kimetoka, kimebaki na matundu mawili ya riveti. Nimepima leo, sehemu moja ya koili imekatika, nyingine zinasoma. Kesho jamaa wa chuma chakavu anapita.

Mleta uzi

Kaka, mwambie jamaa asubiri wiki moja. Tafadhali usikate waya kwa patasi. Loweka vanishi ilegee, kisha fungua koili moja kwa mkono, ukihesabu kila mzunguko, na pima unene wa waya kwa maikromita. Angalia kwenye chuma cha kichwa, upande wa ndani, kuna namba zimeganda pale za kiwandani. Nitumie picha, naipeleka kwa wazee usiku huu huu.

Mchangiaji wa Kariakoo

Jamaa amepita, nimempa mota ya pampu iliyoungua, ameridhika. Ndani ya kichwa kuna namba nne na herufi W. Picha nimekutumia. Koili ya kwanza nimemaliza kuhesabu, mizunguko 310. Zimebaki saba.